Jinsi ya Kuwa Ughaibuni na Kuonekana Nyumbani

Umepata chumba kidogo katika bweni la wanafunzi huko Leipzig, Bayreuth au Köln, na tayari ukoo mzima unasubiri picha. Usihangaike. Kazi yako ya kwanza Ujerumani ni masomo. Ya pili, ambayo hakuna chuo kinachoifundisha, ni kuwafanya watu wa Tanga, Mbeya na Tabata wajisikie wamesafiri nawe. Kazi hiyo ina njia za mkato, nami nazipenda njia za mkato zisizomuumiza mtu. Shika hizi.

1. Ficha namba moja.

Tangu Septemba 2024, mwanafunzi asiye na ufadhili hutakiwa kuonesha euro 11,904 za mwaka mzima kwenye akaunti maalumu kabla ya kupewa viza. Akishafika, hupewa euro 992 kwa mwezi. Usiitaje namba hiyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba ataigeuza shilingi kichwani kabla hujamaliza sentensi, atapata zaidi ya milioni mbili na nusu, na hatakumbuka kutoa kodi ya chumba wala bima ya afya. Kama imekwisha kukuponyoka, itaje kodi ya chumba papo hapo, kwa pumzi ileile.

Badala yake kariri namba nyingine: 140. Ndizo siku nzima ambazo sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi kwa mwaka. Binamu akikuomba mtaji wa bodaboda, mwambie kwa upole, “Ndugu yangu, Wajerumani wananiruhusu siku 140 tu.” Atakuonea huruma, na ni kweli tupu. Watu hubishana na jamaa zao. Na serikali ya Ujerumani hakuna anayetaka kubishana.

2. Tembea kidogo, onekana sana.

Kila anayekupenda anataka kukuona mbele ya kitu kirefu. Mpe. Kanisa kuu la Köln liko hatua chache kutoka mlango wa stesheni kuu, hivyo ukiwa unabadilisha treni na una dakika ishirini, toka nje, piga picha, rudi ndani. Minara ina urefu wa mita 157. Piga goti ndipo iingie yote, wala usione haya, pale kila mtu anapiga goti. Shika na miaka yake: ujenzi ulianza 1248 ukakamilika 1880. Baba mkubwa akiuliza shahada itaisha lini, anza na historia ya kanisa hilo.

Karibu na mji wa Aachen kuna kilima ambako Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi zinakutana. Lizunguke lile jiwe la mpaka, umeshatembelea nchi tatu. Vaa skafu nyekundu ukiwa Ubelgiji na ya kijani ukiwa Uholanzi. Kilima chenyewe kina mita 322 tu, kwa hiyo ukiwa na jamaa wa Moshi usitaje urefu.

Ufaransa nayo haiko mbali. Kutoka mji wa Kehl, tramu inavuka mto Rhine hadi Strasbourg, na ghafla mama yako ana mtoto aliyefika Ufaransa. Ukiwa na Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa kawaida iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kupanda bei baadaye, treni za mikoa zitakufikisha mpaka stesheni ya Salzburg nchini Austria bila kuongeza senti. Treni za mwendo kasi hazimo, basi beba mkate na kitabu. Beba pia pasipoti na kadi ya ukaazi, maana ukaguzi mipakani upo.

Picha zote hizo piga kwa siku mbili, kisha zitoe moja kwa wiki. Status hudumu saa 24. Ukimwaga zote Jumamosi, Jumatatu wataanza kuuliza kama unaumwa.

3. Mahali pamoja usikatize njia.

Nenda Berlin, kwenye Museum für Naturkunde. Katikati ya ukumbi amesimama mjusi wa kale mwenye kimo cha mita 13.27, na mifupa yake ilitoka Tendaguru, Lindi. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa mikono ya mamia ya vibarua wa kwetu, kisha wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi ndipo ikavuka bahari. Hapa weka kando skafu za kubadilisha. Piga simu ya video ukiwa umesimama chini yake. Anza na miguu, pandisha kamera polepole hadi kichwani, na useme kwa sauti ya kawaida, “Huyu ametoka Lindi.” Kisha nyamaza uwaache waangalie.

Watoto wa dada yako watauliza kwa nini yuko Berlin na si Lindi. Wajibu yote unayoyajua, taratibu, bila kukwepa. Katika maswali utakayoulizwa mwaka huo, pamoja na yale ya darasani, hilo litakuwa miongoni mwa yaliyo bora. Na ukitoka pale umwambie rafiki yako Mjerumani kwamba watoto wameuliza.

4. Kosa harusi kwa heshima.

Haya ndiyo makubwa. Dada yako anaolewa Desemba, wewe una mitihani Februari, na nauli ya Desemba huijui wala hutaki kuijua. Hutakwenda. Lakini mtu anaweza kukosa harusi na bado akasimuliwa miaka kumi kwamba alikuwepo.

Kwanza, changa mapema. Ukishaingizwa kwenye kundi la kamati, usingoje watu waweke ahadi zao. Mchango wa kwanza, hata ukiwa mdogo, hupigiwa makofi na mwenyekiti. Wa ishirini hulinganishwa na kumi na tisa iliyotangulia. Ahidi kiasi ambacho unacho tayari. Ahadi kubwa isiyolipwa husomwa kila kikao, na jina lako litakuwa na chenga masikioni mwa wazee hadi mwaka mpya.

Pili, omba ukatibu. Hakuna anayeupenda ukatibu, na unaweza kufanyika ukiwa na soksi mbili kitandani. Andika muhtasari wa kila kikao, panga orodha ya michango, wakumbushe waliolegalega kwa lugha tamu. Mtu anayewadai wengine kwa adabu hadaiwi sana yeye. Zaidi ya hapo utajua kila kitu: rangi ya sare, nani kagombana na mpambaji, kwa nini ukumbi umebadilishwa. Waliohudhuria vikao kwa miguu watakuuliza wewe.

Tatu, tuma salamu za video zisizozidi dakika moja, MC azioneshe kwenye skrini. Vaa rangi ya sare. Kama kitenge hakijafika, skafu ya rangi hiyo inatosha. Anza na shikamoo kwa bibi peke yake, kisha kwa wazazi, kisha ndipo ufike kwa maharusi. Malizia kwa vigelegele, na virekodi mchana. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu kwenye majengo ya Ujerumani, na jirani yako hajui kwamba dada yako anaolewa.

Nne, tafuta mshika simu. Usimchague mtu mzima, kwa sababu kwaito likianza atakutia mfukoni, nawe utaangalia giza la koti kwa nusu saa. Chagua mtoto wa miaka tisa au kumi mwenye dharau kidogo kwa hotuba. Mnunulie bando siku moja kabla, na mpe orodha: kuingia kwa maharusi, keki, ndafu, mama akicheza. Hotuba aziruke. Kwenye picha ya ukoo, ashike simu yenye sura yako usawa wa kifua, na wewe uangalie kamera. Picha hiyo itatundikwa sebuleni, nawe utakuwamo.

Ukitaka kulia wakati mama anacheza, lia. Zima kamera yako kwanza. Usiku huo si wa kuwapa kazi ya kukubembeleza.

5. Idi.

Misikiti mingi ya Waturuki Ujerumani hufuata kalenda iliyopigwa hesabu mapema, na nyumbani wanangoja mwezi uandame. Unaweza kuwa umeshakula pilau huku wenzako bado wamefunga. Kula, kisha kaa na salamu zako mpaka Mufti atangaze.

6. Maisha ya kila siku, yaani chakula na koti.

Wewe unadhani mama anataka kuona maktaba. Mama anataka kuona sahani. Tafuta unga wa mahindi kwenye duka la Kiafrika, au nenda duka la Waturuki uchague ule uliosagwa laini. Songa ugali ukaze, uupige picha ukiwa bado na mvuke, na mboga ya majani iwe mbele. Pika mara moja, piga picha ukiwa na mashati matatu tofauti, na kilichobaki kigandishe. Hapa hakuna uongo: utakula ugali huo siku tatu kweli.

Desemba, Berlin, jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Mwambie mama hivyo, atashangaa na kuwasimulia majirani. Usimfiche kwamba giza hilo linakulemea. Kwake tafuta maneno mepesi, na yale mazito mpe ndugu mmoja uliyemchagua, ambaye humtumii picha za skafu. Kila anayeishi mbali anamhitaji mtu huyo. Mpate kabla ya Novemba.

Chupa tupu za plastiki zinazotumika mara moja zirudishe dukani. Kila moja inakurudishia senti 25, na ishirini ni euro tano. Hilo wasimulie wote. Wazee wetu hufurahi mno wakisikia mtoto hatupi pesa.

7. Simu.

Majira ya baridi Tanzania iko mbele ya Ujerumani kwa saa mbili. Jumapili ya mwisho ya Machi tofauti inakuwa saa moja, hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kisingizio cha “nilichanganya saa” kitumie wiki hizo mbili tu, wiki nyingine zote hakiaminiki. Panga siku moja isiyobadilika. Jumapili ndiyo bora: maduka huko yamefungwa, huna pa kwenda, na nyumbani wametoka ibadani, wamekula, wamekaa. Ukipiga saa kumi na mbili jioni ya baridi ya huko, kwao ni saa mbili usiku na mama yuko macho. Mpigie Jumapili hii, na umwache aongee yeye kwanza.