Ombi la Mzee Mmoja kwa Dakika Moja

Kwa Shirika la Utangazaji Tanzania, wahusika wa vipindi vya watoto.

Tunaandika kutoka Lushoto. Tunaomba kibali cha jambo la hatari: mchekeshaji mkongwe, mvi zake zote, aingie dakika moja kwenye hadithi ya watoto ya mazingaombwe. Asitoe nasaha. Atokee kama kinyonga dume wa msitu wa Magamba, pembe mbili puani, ahesabu hadi kumi, aondoke. Kwa kuwa maombi huenda na vielelezo, tunaanza na Marekani, 1969. Kipindi cha watoto cha Sesame Street kilimweka mwigizaji James Earl Jones mbele ya kamera, kipara kitupu, macho makali, akaisoma alfabeti taratibu mno. Watafiti waliona kwamba mwanzoni mtoto huitaja herufi pamoja naye. Akirudia kutazama, huitaja mara inapotokea, kabla Jones hajafungua kinywa. Mwishowe hata kabla haijatokea. Watoto wale hawakuhitaji kumjua. Kilichowashika ni ajabu ya sura yake na ule ukimya wa kusubiri, na ukimya wa namna hiyo ndio mtaji wa mchekeshaji aliyezeekea jukwaani. (Jones alikuja kuwa sauti ya Mufasa, mfalme simba wa filamu ya katuni, mwaka 1994; sisi Wasambaa tulikuwa na Simba Mwene, mfalme simba wetu, tangu zamani.)

Mtasema vichekesho vya wazee ni vya fumanizi na madeni. Kweli, vingi ni hivyo, lakini tunaazima sura na mwendo, maneno mtaandika wenyewe. Mtasema mzee ndani ya kinyonga haaminiki. Mbona Akili wa katuni ya Akili and Me, binti wa miaka minne, hulala chini ya Kilimanjaro akajikuta Lala Land na wanyama wanaoongea, na tumemwamini? Hadithi nazo zipo, tena kwa Kiswahili: Habari za Wakilindi inamsimulia Mbegha, kigego aliyetoka Ngulu, akabadilishana nyama ya nguruwe mwitu kwa vyakula vya shambani, akaua simba, akatawazwa mfalme huko Vugha. Pale penye kubadilishana nyama, mzee mmoja mbishi wa bei angetosha.

Tuna sababu ya kuharakisha. Mchekeshaji Mzee Small alifariki 2014, na mwenzake King Majuto, mtu wa Tanga yetu, 2018. Hao barua hii imewachelewea. Ikibidi iundwe kamati ya kukagua mandhari, ije na masweta. Julai huku ni baridi, na posho haifuniki mabega.