Mtungi wa Gesi Waenda Mbamba Bay

Mapumziko ya kujipikia, yaani yale ambayo familia hukodi nyumba badala ya chumba cha hoteli na kubeba yenyewe mzigo wote wa jikoni, huanza kuharibika yakiwa bado kwenye karatasi. Kwa upande wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, karatasi hiyo kwa kawaida huandikwa na mtu aliyeko Songea au Dar es Salaam, naye huorodhesha kila kitu anachohofia kukikosa ziwani bila kuuliza ni kitu gani kimejaa huko. Ndiyo maana si ajabu kuiona familia ikishuka kwenye basi Mbamba Bay na kiroba cha dagaa wa Mwanza, wakati dagaa wa pale wameanikwa mchangani hatua chache kutoka stendi, na kuku wa jirani wanawadonoa bila kukemewa.

Tatizo la pili ni la mwinuko. Mji wa Mbinga uko kwenye milima ya Umatengo, nchi ya kahawa na ya ngoro, yaani mashimo yaliyozungushiwa matuta ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko ili maji ya mvua yasiondoke na udongo. Mwezi Juni na Julai baridi ya huko humfanya mgeni anunue sweta ambayo hakuipangia bajeti. Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, iko kando ya maji, kwenye kimo cha mita zipatazo 470 tu, na barabara ya lami ya kilomita zipatazo 66 inayounganisha miji hiyo miwili huteremka kwa kona ambazo tumbo la mtoto huzihesabu vizuri kuliko dereva. Sasa, siagi iliyonunuliwa Mbinga ikiwa ngumu kama sabuni, ikafungwa ndani ya sweta ili isigongwegongwe, hufika ziwani ikiwa imeyeyuka, imepenya kwenye mfuniko na kuenea hadi mikononi mwa sweta. Mkate nao, ambao ndio uliostahili kupakwa, umekaliwa.

Hata hivyo hakuna kifaa kinachostahili kuchunguzwa kwa makini kuliko mtungi mdogo wa gesi. Mpangaji wa likizo huuthamini kwa sababu unamkinga na moshi, naye huufunga kwenye kanga mbili na kuuita, mbele ya kondakta, ndoo ya mafuta ya kula. Ukishafika salama na kusimamishwa jikoni kwa heshima zote, ndipo hugundulika kwamba mpira wa kuuunganisha na jiko umebaki nyumbani, nyuma ya mlango, mahali ulipowekwa ili usisahaulike. Hapo ndipo baba wa familia, mwenye shahada na miwani, hupiga magoti mbele ya jiko la mkaa la kuazima na kupuliza makaa mabichi hadi machozi yamtoke, huku mama mwenye nyumba akimtazama kutoka kibarazani kwa subira ya mtu aliyekwisha kujua mwisho wa jambo.

Samaki nao wana ratiba yao. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa na kurejea alfajiri, na biashara hufanyika palepale mchangani kwa fungu, kipimo ambacho ni rundo tu lililopangwa kwa jicho la muuzaji; anayeamka saa nne kwa hoja kwamba yuko likizo hukuta ndoo zimeshaoshwa. Zaidi ya hayo, wakati wa kiangazi huvuma mwera, upepo mkali wa kusini-mashariki, na siku hizo mitumbwi hubaki imelazwa nchi kavu, hata mnunuzi awe ameamka saa ngapi.

Mwambao huu umezoea kuwashtukiza watu wenye mipango yao. Huko Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen, mnamo Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliipiga mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza, na inasimuliwa kwamba alipanda mtumbwi kwenda kumfokea nahodha wa Gwendolen, Rhoades, rafiki yake wa kunywa naye, akidhani amelewa. Mwenye kikapu kitupu saa nne asubuhi ana walau mtu wa kufanana naye.

Suluhu huja bila kuombwa. Mama mwenye nyumba, baada ya kuona sufuria ya tatu ya ugali ikishika chini, husimama, hujifunga khanga kiunoni na kusema, “Baba, pisha kidogo tuone.” Tangu saa hiyo kujipikia kumekwisha: asubuhi mwanawe hutumwa mchangani na fedha za wageni, mchana huliwa ugali wa muhogo na mbasa aliyechemshwa kwa nyanya za Mbinga, na dagaa wa Mwanza hugawiwa paka wa mtaa mzima, ambao nao huwanusa kwanza. Mtungi hurudi Songea ukiwa umejaa kama ulivyokuja, na kondakta, ambaye hatari ya gesi huikumbuka wakati wa kupanga bei tu, huutoza nauli ya mtu mzima.