Mgeni Njoo, Wazee Wapone

Kwa Tume ya Ubora wa Matunzo (CQC),
London, England.

YAH: OMBI LA KUPATIWA KOTI MOJA LA MKAGUZI

Waheshimiwa Wakaguzi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtunza wazee. Nyumbani Pangani wanajua niko Ulaya nafanya kazi "hospitali", nami sijaona haraka ya kuwasahihisha. Mwaka wa tatu huu naosha, nalisha, nageuza na kuvalisha wazee wa Kiingereza katika nyumba moja ya kulelea wazee. Jina lake silitaji, wala mji wake. Sababu zinakuja huko mbele, ila ya kwanza mnaweza kuikisia: kodi ya chumba changu hulipwa kila tarehe mosi.

Kwanza nashukuru. Mwaka jana mkaguzi wenu alikuja kwetu, na kwa siku mbili wazee wakapona. Kwetu tuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone, na miaka yote hiyo nilidhani unahusu kuku.

Mnakuja bila taarifa, na hapo nawapa heko. Wakaguzi wa shule waliokuja kwetu nikiwa darasa la nne walitangazwa wiki nzima kabla. Tulipaka mawe chokaa, walimu wakaandika maandalio ya somo ya muhula mzima kwa usiku mmoja na kalamu moja, na wenzetu wasiojua kusoma wakatumwa kuni. Ninyi hamna mambo hayo. Lakini hata mgeni wa ghafla husaini kitabu cha wageni, akaonyeshwa pa kutundika koti, akaulizwa chai yake anaitaka na maziwa au bila. Hapo zimeshapita dakika kumi, na meneja ameshainua simu akasema ghorofani maneno mawili: "Tuna mgeni."

Dakika kumi ni nyingi kuliko mnavyodhani.

Chumba namba 9 anakaa bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa jiografia. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia mkoa wa Tanga akafumba macho, akasema, "Mkonge," kisha akauliza kama reli bado inafanya kazi. Ana kidonda kinachotaka kuanza kwenye kisigino cha kushoto, na ana kengele. Kengele yenyewe ni kitufe chekundu chenye waya mrefu, na kosa la bibi ni kwamba huibonyeza. Usiku mmoja anaweza kuibonyeza mara kumi na tano: mara choo, mara kiu, mara hana haja yoyote, anataka tu kujua kama kuna mtu. Basi upo mkono, sisemi wa nani, ambao huuzungusha waya ule kwenye kulabu ya ukutani juu ya kitanda. Kwenye fomu huandikwa: kengele iko karibu na mkazi. Si uongo. Iko karibu kama Bweni ilivyokuwa karibu na Pangani mjini nilipoondoka: uliiona vizuri ng'ambo ya mto, ila hukuifikia bila kivuko.

Siku ya mkaguzi waya ulishuka. Kikombe cha maji, ambacho kwa kawaida hukaa kwenye meza ya dirishani kikimtazama bibi naye akikitazama, kilisogezwa mpaka mkononi. Mto ukawekwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro, kama mpango wa matunzo ulivyoagiza tangu mwezi uliotangulia. Wafanyakazi wawili wa wakala walitokea, sijui wapi, kama kumbikumbi baada ya mvua. Hata mzee wa chumba namba 14, ambaye uji humfikia umepoa kwa sababu mlishaji ni mmoja na vinywa ni sita, siku hiyo alilishwa taratibu, kijiko baada ya kijiko, na mtu aliyevuta kiti akakaa.

Mkaguzi wenu nilimpenda. Alipiga magoti kando ya kitanda ili macho yake yalingane na ya bibi, akamuuliza anaendeleaje. Bibi akamtazama, akatazama kikombe chake, akasema, "Leo chai ni ya moto. Kesho unakuja?"

Sasa kuhusu karatasi. Chati yetu ya kugeuza wagonjwa haina dosari. Saa mbili usiku, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi: bibi amegeuzwa, saini, bibi amegeuzwa, saini. Ukiitazama vizuri utaona mwandiko wote umelala upande mmoja, kama wa mtu aliyekaa kitako saa kumi na moja alfajiri akaandika usiku mzima kwa mkupuo. Mwandiko huo mara nyingine ni wangu. Sikufundishwa hivyo, nilichoka hivyo. Zamu ya usiku kwetu ni nesi mmoja na watunzaji wawili, na wazee wanapita arobaini. Ukitaka kuwageuza wote wanaotakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, mzunguko wa pili utakukuta hujamaliza wa kwanza. Karatasi haioti vidonda, ndiyo maana tunaitunza vizuri kuliko wazee.

Sheria mnayoisimamia nimeisoma. Kanuni ya 18 katika kanuni za mwaka 2014 inataka wafanyakazi wawe wa idadi ya kutosha. Namba haitaji, hakuna sheria ya England inayosema nyumba ya wazee iwe na nesi mmoja kwa wazee wangapi. Ya kutosha! Kama chumvi kwenye mchuzi, kila mpishi atie kwa ulimi wake, na mpishi hapa ni mwenye nyumba, ambaye mhasibu wake amemkataza chumvi.

Na ninyi wenyewe mmekaguliwa, poleni. Mwaka 2024 serikali ilimtuma Dk. Penny Dash awakague wakaguzi. Nilisoma aliyoyakuta nikiwa kwenye basi la alfajiri natoka zamu, nikacheka peke yangu hadi kijana mmoja akahama kiti. Alikuta kwamba katika kila sehemu tano mnazopaswa kuzikagua, moja haijawahi kupewa alama yoyote. Alikuta kaguzi za 2023 hazikufika hata nusu ya zile za 2019. Alikuta mkaguzi wa nyumba za wazee ambaye hajawahi kukutana na mtu mwenye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. (Labda walikutana, mmoja wao akasahau.) Waziri wa Afya, Wes Streeting, akatangaza kwamba tume haifai kwa kazi iliyoundiwa. Mimi naona alikuwa mkali mno. Mlikuwa na shughuli: Novemba 2023 mlianza kutumia mfumo mpya wenye kauli 34 za ubora, na mtu hawezi kutunga kauli 34 na papo hapo akapata nafasi ya kutazama kisigino.

Alama zenu pia zina historia. Whorlton Hall, ile hospitali ya Durham ya watu wenye ulemavu wa akili na usonji, ilipata "Nzuri" mwaka 2017. Mwaka 2019 kipindi cha Panorama cha BBC kikaonyesha picha za mwandishi aliyeajiriwa pale kama mtunzaji, kamera kaificha nguoni, na nchi nzima ikaona wagonjwa wakitukanwa na kutishwa. Kamera ile haikuwa na kauli hata moja ya ubora. Ilikuwepo tu siku ambazo mgeni hayupo.

Mtauliza: ninyi mlio ndani mbona hamsemi? Mkaguzi wenu aliniuliza hilo hilo, tena kwa upole: "Unajisikia huru kutoa taarifa ukiona tatizo?" Nikajibu ndiyo, na nikatabasamu vizuri sana. Naomba sasa nirekebishe jibu langu.

Kibali changu kimefungwa kwenye jina la mwajiri. Ufadhili ukikatika, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwajiri mwingine au ufunge mabegi. Tena tangu Machi 2024, mwajiri wa England anayefadhili watunzaji wahamiaji kama mimi sharti awe amesajiliwa kwenu. Kwa hiyo hesabu yangu ni fupi: nikisema, mkaja, mkakuta, mkafuta usajili, wazee watatafutiwa nyumba nyingine na mimi nitaanza kuhesabu siku. Najua mnapokea taarifa hata zisizo na jina. Lakini zamu ya usiku tuko watatu. Taarifa isiyo na jina ya jambo lililotokea saa tisa usiku ina majina matatu, na nesi ni raia.

Sisemi kwamba usajili na vyeti ni mchezo. Ndugu zenu wa Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa mujibu wa mkaguzi wa mipaka wa wakati huo, walitoa vyeti 275 vya ufadhili kwa nyumba ya wazee ambayo haikuwepo. Nakiri kwamba katika nyumba hiyo hakuna mzee aliyewahi kupata kidonda.

Mkuu wenu mmoja wa zamani, Andrea Sutcliffe, aliwaachia swali zuri lililoitwa Kipimo cha Mama: je, hapa pangemfaa mama yangu? Nimelijaribu. Mama yangu yuko Pangani, anatunzwa na binti wa dada yangu kwa pesa ninayotuma kwa simu kila mwisho wa mwezi. Mkaguzi wake ni jirani, Bi. Mkubwa mmoja ambaye huja kuomba kiberiti, akapitiliza mpaka chumbani, akafunua shuka, akanusa, na kabla ya magharibi mtaa mzima una ripoti. Kauli 34 hana. Ana pua. Na nisiwadanganye kwamba kwetu ni peponi: Ramadhani iliyopita jirani alisafiri siku tisa, na siku ya kumi nikapigiwa simu kwamba mama ana kidonda. Kisigino hicho hicho, cha kushoto.

Ndiyo maana siombi kauli ya 35. Naomba koti.

Nyanya yangu alilima mpunga. Ndege wakianza kushuka, alisimika mti katikati ya jaruba na kuuvika shati la marehemu babu. Shati lile halikurusha jiwe, halikupiga kelele, halikujua hata kuhesabu ndege, na mpunga ukavunwa. Sasa, mapokezi kwetu kuna kulabu tatu za makoti ya wageni. Tuleteeni koti moja, la bluu kama lile alilokuja nalo mkaguzi, na kitambulisho chenu kikichungulia mfukoni. Nitalitundika mwenyewe saa moja kasoro asubuhi, kabla meneja hajafika. Hamtatoa nauli wala posho, na hakuna mtu atakayelazimika kukutana na mgonjwa yeyote. Naambiwa ndege hatimaye hulizoea shati wakaanza kutua begani. Tukifika huko nitaandika tena kuomba suruali.

Bibi wa chumba namba 9 bado ananiuliza yule mama wa koti la bluu anarudi lini. Jana usiku nilimjibu kwamba karibu tu, nikaushusha waya kwenye kulabu, nikamwekea kitufe kiganjani. Alikibonyeza mara mbili kabla sijafika mlangoni.

Wenu katika ujenzi wa taifa (la kwenu),

Mtunzaji, zamu ya usiku.

Nakala: Meneja (asipewe).