Hasidi ni Jagi

Mti ule wa mpira wa sebuleni kwako, shoga, umeuficha nyuma ya kochi, kiyoyozi kinaupulizia usiku kucha, na kila jioni unaumwagia maji. Majani yakigeuka manjano na kupukutika, unasema nyumba ina hasidi.

Hasidi ni jagi lako. Mizizi ikilowa muda wote hukosa hewa, ikaoza. Na mti uliooza mizizi hunyauka sawasawa na wenye kiu. Nawe, kwa huruma yako, unaongeza maji! Chomeka kidole kwenye udongo. Pakavu? Mwagilia. Pabichi? Rudi kwenye tamthilia yako. Na kile kisahani cha chini si bwawa la samaki, kimwage. Chungu kisicho na tundu, hata kiwe na nakshi za kutoa roho, kawekee matunda mezani.

Tena heshima kidogo: huyu ni ndugu wa mkuyu. Huko Meghalaya, India, Wakhasi huielekeza mizizi ya mpira huu ivuke vijito, miaka kwa miaka, mpaka iwe madaraja ya kupita watu. Kwako haujapewa hata dirisha. Usogeze kwenye mwanga, ila si jua la saa nane mchana. Ukiupogoa, jihadhari na utomvu wake mweupe, huwasha ngozi.

Vumbi la majani lifute kwa kitambaa kibichi, basi. Mafuta ya nazi yaache kwenye nywele.