Zege ya Babu

Mwaka huu nimeteuliwa, bila kura, kukarabati ghorofa ya babu hapa Tarakea, Rombo, mpakani na Kenya. Sifa zangu mbili: naishi Moshi, karibu, na niliwahi kutamka neno "nondo" kwenye kikao cha ukoo.

Fundi alifika asubuhi, akapiga kisigino sakafuni mara mbili. "Bosi, hii ni zege." Baba mdogo, aliyeusikiliza mshindo kwa simu kutoka Dar, akaafiki. Huyo hashindwi hoja, hata ungemwuliza habari za upasuaji wa moyo.

Tukaanza kubandua. Kapeti la plastiki. Chini yake niru nyekundu, ile niliyoisugua nta kila Jumamosi utoto wangu wote. Chini yake zege kweli, inchi mbili, kazi ya marehemu baba alipotaka nyumba iende na wakati. Fundi akanitazama kwa ushindi. Akachimba tena: mbao! Mbao za mkulo, za babu, za pesa ya kahawa.

Kumbe zege yenyewe inabebwa. Nikapiga hesabu. Mita moja ya ujazo ina kama kilo 2,400. Chumba cha mita nne kwa nne, unene sentimita tano, ni karibu tani mbili, zimelazwa juu ya mbao zilizowekwa kubeba kitanda na babu. Na kila Desemba tunaongeza ukoo mzima, mbege na muziki.

Krismasi ya 2020 tulikuwa humo humo, mifupa ya mbuzi mkononi, habari zikaja kwamba sehemu ya Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba la Sultan Barghash la 1883, imeporomoka ikiwa katika ukarabati na watu wawili wamefariki. Baba mdogo alisikitika sana. Akasema majengo ya zamani yachunguzwe haraka. Kisha akainuka kucheza.

Tungeangalia kwa chini tangu mwanzo, tusingebomoa kitu; ila dari ya hadibodi ilificha yote. Tumeitoboa. Katikati boriti ni ngumu, msumari unapinda. Ncha zilizoingia ukutani, zilizokunywa mvua za Rombo miaka yote hiyo, zilipokea kisu kama parachichi.

Nikampigia baba mdogo kumweleza gharama. Simu ikanikaribisha Kenya kwanza, ikala salio. Aliponisikiliza hadi mwisho akauliza:

"Na ukirudishia tu lile kapeti?"