Namna ya Kuanzisha Mtindo Wako wa Karate Hapa Musoma

Ukumbi wa kukodi Nyasho umepata, suti nyeupe umeshonesha, mkanda mweusi umejivika mwenyewe. Umebakiza nasaba. Mzazi wa Mara hakupi ada ya mtoto kabla hajajua wewe ni wa ukoo gani, na kwenye karate ni hivyo hivyo.

Anza na babu. Tafuta aliyekufa zamani, aliyeishi mbali, asiyeacha picha. Usicheke, wakubwa nao wana babu wa namna hiyo. Wafuasi wa Goju-ryu, karate ya Okinawa, humtaja Chojun Miyagi (1888–1953). Juu yake yupo mwalimu wake, Kanryo Higaonna. Juu ya Higaonna yupo Mchina wa Fuzhou aitwaye Ryu Ryu Ko, na hapo kamba inakatika, maana watafiti mpaka leo wanabishana alikuwa nani hasa. Wenzako wameliacha pengo lionekane. Wewe lizibe, karatasi ya cheti haiulizi maswali.

Kisha jina. Inasimuliwa kwamba mwaka 1930 Jinan Shinzato, mwanafunzi wa Miyagi, alikwenda Tokyo kuonyesha karate, akaulizwa mtindo wake unaitwaje. Haukuwa na jina! Kwao walikuwa wanafanya mazoezi tu. Kwa aibu akabuni moja palepale. Miyagi aliposikia hakumgombeza. Baadaye alichagua lake, Goju, yaani ugumu na ulaini. Nawe buni, ila usikiri.

Sasa njoo nyumbani. Goju-ryu ilifika Dar es Salaam miaka ya 1970 kwa mkono wa Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, na dojo yake, yaani ukumbi wa mazoezi, ikajulikana kwa jina la Zanaki. Hapo bahati imekubishia hodi. Ni Zanaki ya Dar, sawa, lakini nani atauliza? Tangaza kwamba karate ilizaliwa Butiama kwa Wazanaki wenyewe, ikapita China kusalimia, ikarudi. Wakitaka ushahidi, waonyeshe majabali.

Falsafa iwe fupi. Ugumu Mara tunao wa kutuzidi, uza ulaini. Kwenye mazoezi, wanafunzi wavue mashati wafanye zoezi la Sanchin: vidole vya miguu vimeelekea ndani, magoti yamelegea kidogo, pumzi inatoka chini ya kitovu kwa sauti, hatua moja moja. Wewe zunguka nyuma yao, wapige mabega kwa viganja, bonyeza mapaja uone kama yamekaza. Lakini nakuonya: zoezi hili ni la kweli. Akilishika mwaka mzima, kijana wa Mwigobero anayebeba magunia ya dagaa atakuja kukuangusha mbele ya wazazi. Likatishe mapema, wahamishie kwenye mateke ya kuruka waliyoyaona kibanda umiza. Hayamfundishi mtu kitu, ila yanajaza ukumbi.

Mwisho mtindo wako utagawanyika, na usiumie. Miyagi alifariki bila kutangaza mrithi anayekubalika na wote; Eiichi Miyazato akafungua Jundokan, Meitoku Yagi akawa na Meibukan, na kila upande una hoja zake. Kwa hiyo siku mwanafunzi wako atakapohamia Bunda, atundike picha yako ukutani na kudai ulimnong'oneza siri za mtindo, usikimbilie kwa afisa utamaduni. Mwambie tu amalizie kwanza ada ya miezi mitatu anayodaiwa, ndipo ajiite mrithi.