Nani Alimpikia Livingstone?

Mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nyumba za Ujiji zilijaa wanaume mchana kutwa. Mume wangu alikuwa anashona nyavu ambazo hazikuchanika. Mashemeji zangu walikuwa kwenye bao tangu asubuhi. Dagaa walipanda bei, migebuka hatukuiona, nami nikawa napikia maharage watu ambao tangu kunyonya wamezoea samaki. Katika hali hiyo mtoto wa marehemu dada yangu, anayesoma Dar es Salaam, akashuka kwenye treni na begi la kamera mgongoni.

"Shikamoo, mama mkubwa," aliniambia hata begi hajalitua. "Nimekuja kupiga sinema ya Livingstone. Naomba niipigie hapa nyumbani."

Fedha hakuwa nayo. Alikuwa na kamera ya kuazima, kitabu cha Stanley, yule mwandishi wa habari aliyemfuata mpelelezi Livingstone hapa Ujiji, na jicho lake kwenye kibanda chetu cha udongo cha uani, ambacho mama mkwe hataki kibomolewe. Kijana alisema baraza la kibanda kile ndilo baraza la Livingstone. Nilimkubalia palepale, na sababu yangu naisema wazi: watu wa Ujiji tumeonyeshwa Ujiji vya kutosha na watu wasioijua.

Kwani sinema za Livingstone si chache. Mwaka 1925 Mwingereza M.A. Wetherell alitengeneza moja isiyo na sauti, mwongozaji yeye na Livingstone yeye. Mwaka 1939 Hollywood ikatoa ya kwake, Spencer Tracy akiwa Stanley, na picha za nyika za Afrika zikapigwa na kikosi kingine bila yeye. Mwaka 1997 ikaja ya televisheni, Aidan Quinn akawa Stanley na Nigel Hawthorne akawa mzee mwenyewe. Kijana alitusimulia yote haya barazani, na iliyowashika wavuvi ni habari ya Wetherell. Mwishoni mwa 1933 gazeti la Daily Mail lilimtuma huyo bwana Scotland kumsaka mnyama wa ajabu wa ziwa la Loch Ness, naye akatangaza kwamba ameziona nyayo zake ufukweni. Wataalamu wa makumbusho ya London walipozichunguza wakakuta ni za kiboko, zimepigwa chapa kwa mguu uliokaushwa.

"Angezileta hapa," alisema shemeji mkubwa kwa uchungu kabisa. "Mtoto wa miaka sita angemwambia ni kiboko. Sasa mtu kama huyo ndiye alikuwa Livingstone?"

Tangu hapo wanaume wa nyumba yangu waliingia katika sinema ile kwa moyo wote, na hapo ndipo nyumba ilipotutoka mikononi.

Kwanza ilikuwa bendera. Stanley aliingia Ujiji Novemba 1871, kwa hesabu yake tarehe 10, bunduki zikipigwa na bendera ya Marekani ikiwa mbele. Kijana alishikilia kwamba lazima iwe na nyota 37, kwa kuwa Marekani ya mwaka ule ilikuwa na majimbo 37, la Colorado likiwa halijaingia hadi 1876. Wifi yangu akazikata nyota kwenye shuka langu jeupe. Kijana alipozihesabu akakuta 36. Ya mwisho ilikuwa imeshashonwa kwenye gauni la mwanawe, na mtoto alilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani.

Kisha chakula. Stanley ameandika walivyokaribishwa siku ile: Sayd bin Majid alipeleka vitonge vya nyama ya kusaga, Mohammed bin Sali akapeleka kuku wa mchuzi, na Moeni Kheri mbuzi na wali. Ameandika pia kwamba Halima, mpishi wa Livingstone, alikuwa akichungulia kutoka jikoni ahakikishe kweli ni wazungu wawili waliokaa pale barazani. Ulimwengu mzima unakumbuka maneno ya Stanley ya kumsalimia Livingstone alipovua kofia. Halima yeye hana hata sanamu, ilhali wale mabwana wawili sanamu zao zimo katika makumbusho yetu hapa Ujiji, karibu na miembe inayosemekana ni uzao wa mwembe ule waliokutania chini yake. Kijana alisema sinema yake itamfuata Halima. Kwa neno hilo nilitoa pesa ya mkaa, ya kuku na ya nyama bila kuulizwa mara mbili.

Nikapika vyote vitatu. Mzee jirani, baharia mstaafu, alipakwa unga wa muhogo ndevuni, akavishwa kofia ya buluu yenye mshipi wa dhahabu na kizibao cha mikono myekundu, maana ndivyo Stanley alivyomkuta Livingstone. Mara ya kwanza upepo wa ziwa uliifunika kamera kwa bendera. Mara ya pili jua lilikuwa limeshazama. Kijana alipoita mara ya tatu, mashemeji zangu, watu wa maharage kwa wiki kadhaa, walikuwa wameshasafisha sahani zote. Kesho yake nikasokota kababu za viazi, kuku akawa ni mchuzi mtupu wenye bawa moja juu.

Lililoniuma hasa ni ukuta. Livingstone alikalia ngozi ya mbuzi, na nyuma yake palipigiliwa ngozi nyingine ili mgongo wake usishikwe na baridi ya udongo. Mume wangu akapigilia ngozi kwenye kibanda cha uani kwa msumari wa mtumbwi. Alipogonga mara ya pili, udongo ukaporomoka kutoka darini hadi chini, upana wa mlango. Ukuta ule mama mkwe aliukandika akiwa msichana, pamoja na mama yake. Hakugomba. Aliagiza kiti, akakiweka mbele ya ile sehemu iliyoanguka, akaketi hapo mpaka sinema ilipomalizika kupigwa, na ndiyo maana katika kila picha ya baraza kamera imekwepa upande wa kushoto.

Siku ya kuonyesha tulitundika shuka uani, lile lililobakia, tukaazima projekta na jenereta. Watu walijaa hadi njiani. Lakini mbalamwezi ilikuwa imetanda, na Livingstone kwenye shuka alionekana kama moshi. Wavuvi, ambao hata ziwa likiwa limefungwa hawaachi kuuhesabu mwezi, wakatoa hukumu: tungoje siku kadhaa, mwezi utachelewa kutoka, tupate giza baada ya Isha. Watu wakarudi makwao bila manung'uniko. Walipokuja tena walikuwa wengi zaidi.

Nimesoma wanavyoandika wachambuzi wa sinema magazetini. Sijaona uchambuzi uliopita ule wa uani kwangu. Halima alipoonekana akikuna nazi, wanawake walisimama. "Nazi hiyo imetoka wapi? Hapa ni mawese!" Na kweli, wapelelezi Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta michikichi. Kijana aliandika kwenye simu yake. Kababu zilipokaribiwa na kamera, mama mmoja akasema hizo ni viazi, nyama haikatiki hivyo. Mzee baharia, bado ana unga masikioni kwa kuwa alitaka watoto wamtambue, alikosoa sinema yake mwenyewe: ziwa limeonyeshwa mbali mno. Siku zile maji yalikuwa yamepanda, yalishuka baadaye mto Lukuga ulipofunguka upande wa Kongo na kuyatoa. Susi, mtumishi wa Livingstone, walimpenda kwa kilemba chake cha merikani. Stanley hawakumpigia makofi. Waliuliza mbona hasalimii wenyeji wa mji kabla ya kumwendea mgeni mwenzake.

Sinema ilipoisha, mama mkwe akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mjukuu wangu, huyo Halima alikuwa wa nani?"

Kijana alisema alikuwa mke wa Amoda, mmoja wa watu wa Livingstone. Mama mkwe akasema hakuuliza mume. Hapo kijana akaeleza kwamba mwaka 1872 Livingstone aliandika katika shajara yake kuwa wakifika Zanzibar atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani. Uani pote pakawa kimya. Kila mtu alielewa maana ya kuahidiwa uhuru.

"Na huyo mzungu alikuwa anatoka wapi, hata akaja kukaa hapo barazani amechoka hivyo?"

Kijana akajibu kwamba alitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, aliwaona watu wa wafanyabiashara wakiwamiminia risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua. Wengi walikufa maji wakijaribu kuvuka mto, na wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa zaidi ya 300. Alirudi Ujiji Oktoba akiwa amevunjika. Kijana alisema tukio hilo aliliacha kwa sababu hakuwa na fedha ya soko wala ya mto.

"Bibi yangu alitoka Manyema," alisema mama mkwe. "Hakuja na bendera."

Halafu jirani akasema na wa kwake pia. Akafuata mwingine, na mwingine, wengine wakitaja vijiji ambavyo wajukuu zao hawakuwahi kuvisikia. Jenereta liliishiwa mafuta na hakuna aliyeondoka. Kijana alirekodi sauti gizani mpaka betri ya simu ikafa.

Kwa maoni yangu sinema yake ilianza usiku ule. Anaikata upya sasa, nazi imetoka, na mama mkwe amekubali kuzungumza mbele ya kamera kwa sharti kwamba ukuta wake urudishwe kwanza. Wanaume waliukandika wenyewe kabla ziwa halijafunguliwa, yeye akiwasimamia kitini.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, bila kurudi Zanzibar. Nanyi mnaokuja Ujiji na kamera, miembe ipo, na picha zake mnazo tayari. Pigeni hodi majumbani, ulizeni bibi wa nyumba ni mtu wa wapi, na mkae mpaka amalize kujibu.